Bangili ya Saba

Jumatatu, 3 Juni
Jirani yangu Phadtare kabandika kibao getini: "Nyumba hii inavuna mvua." Manispaa imempunguzia kodi ya majengo, asilimia kumi. Kila nikipita anakipangusa! Nami nina kisima cha marehemu bibi hapa uani, kikavu, kimefunikwa jiwe miaka arobaini. Nitatumbukiza bomba kutoka paani, basi. Mkaguzi atajuaje?

Jumanne, 4 Juni
Mke wangu Kusum hataki jiwe liguswe hivi hivi. Anasema kisima kina wenyewe, Dada Saba wa Maji. Ukikifungua, kila mmoja umpe bangili ya kijani. Haya. Muuzaji huuza kwa dazeni. Nimembembeleza hadi kanikatia nusu. Sita! Mmoja ataazima kwa dadaye. Nimezitupa, nikatega sikio. Sikuzisikia zikifika chini.

Jumatano, 5 Juni
Mvua haijanyesha hata tone. Kisima kimejaa hadi ukingoni! Bahati ya mtende. Uani kuna nyayo mbichi, ndogo ndogo, za watu saba, kutoka kisimani hadi mlangoni. Sita wamerudi. Wa saba kaingia jikoni. Nimepiga deki.

Alhamisi, 6 Juni
Kusum huvaa bangili nne za kijani, za ndoa. Kaamka nazo tatu. Phadtare kachungulia ukutani, akauliza maji nimeyatoa wapi. Nimemwambia akili ni nywele, kila mtu ana zake. Ana upara. Nimefurahi mno.

Ijumaa, 7 Juni
Mkaguzi, Bi Salunkhe, katazama bomba, katazama maji, kagonga muhuri. Nimepita! Kisha akauliza kwa nini tunamwacha binti yetu akae ukingoni na nywele zimelowa vile, atatumbukia. Nikamwahidi nitamkanya. Hatuna mtoto. Lakini ningeharibuje muhuri? Bangili za Kusum zimebaki mbili.

Jumamosi, 8 Juni
Imebaki moja. Kusum hajala. Kaniambia kwa sauti ndogo, "Mikono ya mke ikiwa mitupu, mumewe hayupo duniani. Nakuomba, mume wangu, mnunulie yule wa saba bangili yake."
Naogopa, sifichi. Nimekimbia sokoni. Muuzaji kanikumbuka: dazeni, la sivyo niende zangu. Dazeni nzima kwa ajili ya moja! Nimeenda zangu. Kibao nimekipaka rangi mwenyewe, kikubwa kuliko cha Phadtare.

Jumapili, 9 Juni
Nimepata dawa, tena ya bure! Kusum alikuwa kasinzia. Nimemvua ile moja polepole, nikaitupa kisimani. Saba kamili! Safari hii nilisikia: mkono uliidaka.
Kusum kaamka, katazama mikono yake, kaangua kilio. Nimemweleza mara tatu kwamba mambo yamekwisha. Hageuki. Nimemshika bega, akajifunika shali, eti baridi.
Majirani wameanza kuingia. Phadtare kaja kumpa pole Kusum, kapita mbele yangu bila hata salamu. Kibao hicho kinamuuma.