Joho la Menestreli

Jumamosi, 8 Novemba 1287
Siku nzima nachimba handaki la ngome, maji yakinifika magotini. Kwetu Bretania mvua humnyeshea kila mtu. Hapa Champagne inachagua mgongo wangu. Ukumbini Garnier, mpiga fidla, anakula bata karibu na moto. Yeye ni menestreli, mimi ni tope. Jumanne, Sikukuu ya Mtakatifu Martin, bibi mwenye ngome atawagawia mamenestreli majoho ya sufu. Nami nataka moja. Bila joho sitaiona Pasaka.

Jumapili, 9 Novemba
Baada ya misa nimemuuliza padri jina hilo la menestreli limetoka wapi. Kilatini, akasema. Zamani aliitwa hivyo mtumishi yeyote wa nyumba kubwa, hata mpishi, hata mtunza farasi. Wapiga muziki wamejitwalia jina hilo juzijuzi tu. Nikambusu mkono. Kumbe ni letu sote!

Jumanne, 11 Novemba
Nimepanga foleni nyuma ya Garnier. Msimamizi Oudart akauliza napiga ala gani. Nikasema sururu. Kicheko. Nikaeleza Kilatini chote, pamoja na kile nisichokijua. Bibi alifurahi mno. Akaamua kwamba kama jina ni moja, kazi nayo iwe moja: mimi nipewe joho, Garnier aje handakini mchana.
Garnier akaninong'oneza, "Ndugu yangu, nimekukosea nini?"
Joho lina joto kwelikweli.

Alhamisi, 13 Novemba
Vidole vya Garnier vimepasuka. Jioni alishindwa kubana nyuzi, ukumbi mzima ukamzomea. Oudart amesema akishindwa tena Jumapili, afungashe virago. Garnier hakunilaumu. Aliniuliza tu kama bado nasikia baridi. Nilitamani handaki linimeze. Nikampa jibini, akakataa. Kwa aibu nimelala bila kujifunika joho. Mpaka miguu ilipoanza kufa ganzi.

Jumamosi, 15 Novemba
Dawa imepatikana. Mchuuzi wa vitambaa anasema kwao kusini jina la watunzi wa nyimbo limetokana na kupata, kuvumbua. Basi kesho namweleza bibi kwamba mwanamuziki ni mtu wa kuvumbua, si wa kuchimba. Garnier atarudi kwenye fidla yake. Nami, niliyevumbua handakini kiatu cha farasi na taya la ng'ombe, watanikataliaje kiti mbele ya moto?
Nimemweleza Garnier. Amepiga magoti kwenye tope, akaniomba kwa jina la Mungu nisimsaidie.
Amechoka tu, maskini.