Nzi wa Kumvulia Mkwe

Jumatano asubuhi Spana alifika kwenye benchi langu la kushonea viatu, gazeti kwapani, akajitupa juu ya kiti cha wateja kabla sijamaliza kupigilia kisigino cha watu.

"Jamani, dunia imekwisha," akasema. "Sikilizeni. 'Mto wa kule msituni wafunguliwa tena baada ya miaka miwili. Samaki wapya elfu nane wamemwagwa. Inaruhusiwa kuvua kwa nzi tu.' Nzi! Gereji yangu imejaa nzi, kumbe nimeukalia utajiri!"

Spana ni fundi magari. Jambo akilisikia saa nane, saa tisa analijua kuliko aliyelianzisha.

"Unamshikaje nzi ukamtia kwenye ndoana?" nikauliza. "Si anaruka?"

"Wamesema inaruhusiwa, fundi. Hawajasema inawezekana."

Bi Cherehani, anayeshona nguo kwenye kibaraza cha mlango wa pili, alicheka bila kutoa mguu kwenye pedeli. "Nzi wenyewe si wa kweli, nyie. Ni manyoya na uzi, vinafungwa kwenye ndoana mpaka samaki aseme huyu mdudu."

"Yaani samaki anatapeliwa?"

"Kama unavyotuuzia betri."

Sote tukamgeukia Pingamizi, aliyekaa pembeni ya benchi. Huyu ni karani mstaafu wa mahakama, na hakuna jambo asilolipinga. Ukimwambia habari za asubuhi atakuuliza asubuhi ipi. Lakini siku hiyo alikuwa anatazama viatu vyake tu. Nilivishona mimi, kwa hiyo najua havina cha kutazamwa.

"Mzee, unaumwa?" nikamuuliza.

"Jumamosi nakwenda huko mtoni. Na mkwe."

Ndipo akatumwagia yote. Binti yake wa mwisho, daktari wa meno, alikuwa amechumbiwa. Siku ya familia kutambulishana, mwezi uliopita, baba wa kijana, mzee mmoja mpole mwenye maduka matatu, alisimulia jinsi anavyopenda kuvua kwa nzi. Pingamizi, aliyekuwa amekaa saa nzima hana la kuchangia, akajisikia anasema: "Hata mimi. Mwaka wa ishirini sasa."

"Ishirini!" Spana akashika kichwa. "Hata mitatu isingekutosha?"

"Ulimi hauna mfupa."

"Wako hauna hata breki!"

"Binti yangu alinitazama kwa fahari, Spana. Sijatazamwa hivyo tangu nistaafu. Sasa mkwe akigundua, atasema nyumba ile ni ya waongo, mwanangu asioe huko. Na mtoto anampenda yule kijana." Sauti ikamshuka. "Anampenda kweli."

Hatukucheka. Tulivumilia kama sekunde tatu hivi, ndipo tukacheka.

Pingamizi akaenda nyumbani, akarudi na vifaa alivyokwisha kununua: fimbo nene kama mchi, gurudumu la kukunjia mshipi, kubwa kama sufuria, na sanduku la nzi mia mbili. Muuzaji alimwambia mtu mzima havui kwa vitu vidogo.

Bi Cherehani aliinuka, akaacha gauni la mtu limebanwa chini ya sindano. Akaipima ile fimbo kwa mkono. "Hii ya baharini, kaka. Kwa hii utavua papa, au utasimamishia hema."

"Napinga. Wewe umejuaje?"

"Kabla ya cherehani hii nilifanya kazi miaka sita kwenye kiwanda cha kufunga nzi hao. Jumapili tulikwenda kuwajaribu mtoni, tusije tukauza uongo."

"Si uongo tayari?" Spana akadakia.

"Uongo wenye ubora. Kaka, nyanyuka, hivi vinarudi dukani."

Walikwenda wote wawili. Mchana wakarudi na mzigo uliopungua kwa robo tatu, na Pingamizi anasoma orodha kama hati ya mashtaka: fimbo nyepesi ya futi tisa, namba tano. Mshipi nao namba tano.

"Namba ya kiatu?" nikauliza.

"Ya uzito," akajibu Bi Cherehani. "Fimbo na mshipi ni mke na mume, wakipishana namba ni ugomvi kila siku. Kwenye uvuvi mwingine unarusha chambo, kinauvuta mshipi. Huku unarusha mshipi, nzi anafuata tu, maana hana uzito wowote. Gurudumu rahisi linatosha, kwa anayeanza ni la kutunzia mshipi. Nzi sita. Na miwani."

"Miwani ya kuonea samaki?"

"Ya kuokoa macho. Wewe mwenyewe ndiye samaki wa kwanza utakayemnasa."

Akamwambia Spana alete koleo, wakabana vijino vya ndoana zote mpaka vikalala, ili moja ikiingia mahali isipotakiwa itoke bila hospitali. Kisha wakaenda uwanja wa nyuma ya gereji, majanini. Jumatano Pingamizi alinasa kamba ya nguo. Alhamisi alinasa shati lake mwenyewe, mgongoni, akazunguka mara mbili akimtafuta aliyemshika. Ijumaa alinasa antena ya gari la mteja.

"Usipige kama unaua nyoka!" Bi Cherehani alikuwa anapaza sauti. "Peleka nyuma, ngoja mshipi unyooke, ndiyo ulete mbele. Ngoja! Mahakamani hamkujifunza kuahirisha?"

Jioni ile mshipi ulinyooka mara moja, ukatua majanini taratibu. Pingamizi akasimama anautazama. Macho yalikuwa yamemjaa maji, akasema ni vumbi.

Jumatatu tulifika mapema kuliko siku zote. Pingamizi akaja, akakaa, akaanza kufuta miwani.

"Mzee, tutakufa," Spana akamwambia.

"Ndiyo kwanza narusha mara ya kwanza," akaanza. "Mkwe alikuwa nyuma yangu. Nikasikia mshipi umegoma, nikasema huyu samaki mkubwa, nikavuta. Lilikuwa sikio la mkwe."

Bi Cherehani akafunika uso kwa kitambaa cha mteja.

"Ilitoka vizuri, hata damu ilikuwa tone moja. Akanitazama. 'Mkwe, unavua tangu lini?' Nikamtazama. Nikashindwa kudanganya tena. Nikasema, 'Jumatano.'"

"Yesu wangu! Akasemaje?" Spana akauliza.

"Akakaa kwenye jiwe. Akauliza, 'Na ile miaka ishirini?' Nikamwambia ukweli wote, kwamba nilitaka binti yangu asione haya kwa ajili yangu. Nikamwomba aniadhibu mimi, watoto awaache waoane."

Nyundo yangu ilikuwa hewani, sikumbuki niliiinua saa ngapi.

"Akacheka mpaka kofia ikaenda na maji. Akasema watoto waoane hata kesho. Siku nzima akanifundisha kurusha. Hatukupata hata kidagaa."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Cherehani. "Yameisha salama."

"Hayajaisha. Akasema mtu aliyemdanganya usoni mwezi mzima bila kupepesa jicho amemtafuta miaka mingi. Mwaka huu anagombea udiwani, na mimi ndiye meneja wa kampeni."

"Ukakubali?" Spana akaruka.

Pingamizi akatoa bahasha ya vipeperushi mfukoni, akakohoa, akasimama. "Ndugu zangu wapendwa wa kijiwe hiki, ambao daima nimewaheshimu na sijawahi kuwapinga..."

Spana akakumbuka gari lililobaki juu ya jeki. Bi Cherehani akakumbuka gauni la watu. Mimi nilikwama, benchi ni langu.