Redio Akaa Kimya

Sina miguu, lakini kila nyumba mtaani nimeingia, na kila nyumba nimetoka na kitu. Nini? Mdomo wa Redio, tapeli wa mtaa wetu aliyepewa jina hilo kwa kusema bila kukoma. Siku moja alikuwa mlangoni pa jumba la maonyesho, akinusa chakula cha wageni, aliposikia mkuu wa kikundi cha wasanii akilalamika kwenye simu.

"Kanyimwa viza? Tumealika wasanii wa nchi tisa tuonyeshe jinsi watu wanavyohama, na huyu kazuiwa kuhama!"

Redio, ambaye hajawahi kuchora hata kuku, akakohoa kistaarabu.

"Pole, dada. Huyo ni ndugu yangu wa kazi. Kaniomba nimshikie nafasi."

"Kazi yake unaijua?"

"Nalala nayo, naamka nayo."

"Afadhali! Maana kila anayeonyesha hapa tunampa tiketi ya mji unaofuata, ng'ambo."

Ng'ambo! Majirani walishamuaga Redio mara tatu kwa machozi na zawadi, na kila mara kesho yake wakamkuta sokoni. Safari hii angeondoka kweli.

Kumbe kazi yenyewe ilikuwa kiti, sanduku, na msafiri aliyevaa vizuri anayesubiri safari. Hasemi wala hainuki mpaka milango ifungwe. Watazamaji wamfanye watakavyo, mradi wasimuumize.

"Ukitamka neno moja," mkuu akamwonya, "tiketi hakuna."

Jamani, kumnyamazisha Redio ni kama kuiambia mvua inyeshe kwenda juu. Lakini alikaa. Mbu alitua juu ya pua yake, akavumilia. Mzee mmoja akamwuliza njia ya chooni, akavumilia.

Ndipo akaingia mama fundi cherehani. Mama huyu aliwahi kuuziwa na Redio cherehani inayong'aa kama bibi harusi. Alipoifungua, ndani hamna kitu.

"Ala! Shemeji!" Maana siku ya kuuza alimwita shemeji. "Ni wewe?"

Redio akakazia macho sanduku lake.

"Kama si wewe, sema."

Jasho likamtiririka Redio mpaka kwenye kola.

"Hawezi kujibu, mama," mkuu akanong'ona. "Ni msafiri. Mfanye upendavyo."

"Nipendavyo?" Fundi akaweka pochi chini. Akamvua koti. "Hili ni fidia ya sindano na nyuzi zake." Akamvua kiatu. "Hiki ni cha gurudumu." Akamvua cha pili. "Na hiki, cha usumbufu."

Wageni wakajaa. "Tazameni," mmoja akasema akifuta machozi, "msafiri ananyang'anywa kila kitu!" Wakapiga makofi. Redio akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango, ila mdomo hakuufungua. Ng'ambo ilikuwa karibu kiasi hicho.

Fundi akashika mkanda wa suruali.

"Mama, weee!" Redio akaruka. "Suruali nimeazima!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mkuu hakucheka, alikuwa akimtazama fundi kama aliyeokota lulu.

"Dada, kazi hii umeikamilisha wewe. Una pasipoti?"

"Ninayo. Niliitumia mara moja, kwenda kumlea dada yangu aliyejifungua."

"Basi tiketi ni yako."

Redio akarudi kitini mbio, akafumba mdomo, akatulia kama gogo. Maishani hakuwahi kunyamaza vizuri namna ile. Lakini taa zilishaanza kuzimwa, na fundi, koti begani, alikuwa ameshatoka kwenda kuwaambia wanawe kwamba mama yao anasafiri.