Makohozi ya Mwenyekiti

Leo nimeaibika mchana kweupe, na sina wa kumlaumu. Nawaandikia haraka nyinyi majirani zangu wa zamani mliohamia Eastleigh, kabla Mama Auma wa mboga hajawafikia. Yeye ataongeza chumvi, na kisa hiki hakihitaji hata chembe.

Wiki tatu zilizopita walikuja watu wa afya hapa Baba Dogo. Walitaka kujua ni watu wazima wangapi kati yetu wana TB. Hawakuwatafuta wanaojijua wagonjwa peke yao. Walihesabu kila mtu, mzima na mgonjwa, nyumba kwa nyumba. Kila mtu mzima aliyelala katika vyumba vya ploti usiku wa kuamkia siku hiyo alitakiwa atoe makohozi kwenye kikopo. Walihitaji mtu wa kuwaonyesha milango, na nani tena kama si mimi, mwenyekiti wa ploti? (Nilichaguliwa siku ya mvua, na ni mimi peke yangu niliyekuwa na mwavuli. Lakini nilichaguliwa!)

Niliifanya kazi hiyo kwa madaha. Nilitangulia mbele ya Nesi Wanjiru nikibisha milango na kuhutubia. "Hii ni sayansi! Anayeogopa kikopo ana la kuficha!" Mama Auma alipouliza kama makohozi yake yatapelekwa kwa mganga, nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Mlango unaopakana na wangu sasa ni wa Barasa. Hamkumkuta, alihamia baada yenu. Anachomea vyuma kiwandani, ana mke na watoto watatu katika kile chumba kimoja, na jioni tunacheza drafti kwa vifuniko vya soda. Mkewe alisema Barasa alikuwa shifti ya usiku, hakulala hapo. Nesi akapiga mstari kwenye karatasi yake, tukapita. Mimi nilijua fika kwamba Barasa amejificha nyuma ya pazia. Niliviona viatu vyake.

Jioni nikamwuliza.

"Kuna mwenzetu alianza kukohoa pale kazini," akasema. "Akaambiwa aende nyumbani apumzike kidogo. Mpaka leo anapumzika."

"Na wewe kikohozi chako?"

"Ni moshi wa kuchomea, mwenyekiti. Wewe cheza."

Nikacheza. (Na nikashindwa.)

Kesho yake ikafika zamu yangu, pale kwenye mfereji wa maji, akina mama wamepanga mitungi yao. Nikakohoa kwa sauti ya mwenyekiti. Nikatema. Nesi akainua kikopo juani.

"Mzee, haya ni mate tu."

(Mzee! Nina miaka arobaini na mmoja!)

"Vuta pumzi, ukohoe kutoka kifuani."

Nikavuta. Nikakohoa mpaka kifungo cha shati kikaruka kikaangukia kwenye ndoo ya mtu. Nesi akaangalia tena.

"Bado ni mate, mzee."

"Kumbe mwenyekiti ni mdomo tu!" Mama Auma akapaza sauti. "Huko ndani hakuna kitu!"

Ploti nzima ikacheka. Hata mke wangu, Mama Njeri, alijifanya anasuuza sufuria, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Nesi akanipa kikopo kingine, akaniambia nijaribu alfajiri, nikishaamka tu, kabla sijala wala kunywa.

Alfajiri nilijaribu kila njia. Nilinusa pilipili. Niliinamia jiko la makaa linapowashwa. Nilirukaruka chumbani mpaka jirani wa nyuma akagonga ukuta. Nikapata machozi mengi na makamasi kiasi, lakini makohozi, hata tone. Basi upande wa pili wa ukuta Barasa akaamka, akaanza kile kikohozi chake cha kila asubuhi. Kilikuwa kizito, kinatoka mbali, na kinakuja na mzigo. Mimi nikakisikiliza kwa wivu. Ndiyo, wivu! Mtu mzima nimesimama na kikopo kitupu, namwonea mwenzangu wivu kwa kukohoa.

Nikaenda nikabisha.

"Barasa, ndugu yangu, nisaidie kidogo."

Akakitazama kikopo, akanitazama mimi, akacheka mpaka akaketi. "Kidogo tu? Ningekupa ndoo."

Saa mbili nikampelekea Nesi. Akainua juani, uso ukamng'aa.

"Safi kabisa, mzee! Hivi ndivyo tunavyotaka!"

Nikamtupia Mama Auma jicho la ushindi. Nilitembea siku hiyo nikiwa nimetunisha kifua, na hicho kifua, kama mnavyojua, hakikuwa na kitu.

Sasa njooni leo. Jana nililetewa kikaratasi: nifike ukumbi wa jamii saa nne asubuhi, jambo muhimu. Hawakuandika ni jambo gani. Mimi nikajijazia mwenyewe: barua ya shukrani. Labda na sabuni. Nikatoa suti ya harusi. (Koti halifungi tena, lakini nikisimama wima haionekani.) Nikamwalika Mama Njeri. Nikamwalika Mama Auma, makusudi, aje ajionee. Barasa alikuwa na siku ya mapumziko, akaja na mkewe, na nikamwagiza kabisa: "Wakinitaja, wewe uanze kupiga makofi."

Ukumbi ulijaa watu kwenye mabenchi. Nesi akaniita nyuma ya pazia. Pazia lenyewe ni shuka. Shuka haizuii sauti, hilo sikulifikiria.

"Keti, mzee," akasema taratibu. "Makohozi yako yamepimwa. Yana vijidudu vya TB, na ni vingi."

Nikatabasamu. Nilikuwa bado nangoja afike kwenye shukrani.

"Umenielewa? Inatibika, ukifuata dawa. Utameza vidonge hivi miezi mingi bila kukosa. Na miezi miwili ya kwanza, kila siku, sindano moja."

"Kila siku?"

"Kila siku. Ya kwanza ni sasa. Legeza suruali."

Ningependa kuwaambia kwamba hapo nilimfikiria Barasa na wale watoto wake. Hapana. Niliifikiria sindano. Niliiona ikichomolewa, nikarudi nyuma, nikajifunga kwenye shuka, na ulimi ukateleza kwa sauti ileile ya kuhutubia:

"Hayo makohozi si yangu! Ni ya Barasa!"

Shuka ikaanguka pamoja nami.

Ukumbi mzima ulikuwa unanitazama, suruali nimeishika kwa mkono mmoja. Mama Auma mdomo wazi. Na Barasa, pale kwenye benchi la mbele, alikuwa bado ameinua mikono yake miwili, tayari kunipigia makofi.

Akaishusha polepole. Akasimama, akaelekea mlangoni. Mkewe akamshika koti.

"Keti, Baba Nekesa. Nimechoka kufua leso za damu nikiambiwa ni moshi."

Hakuna aliyecheka. Mimi niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, na haikuwa ya suruali. Nimeketi na huyu mtu kila jioni, nimemsikia kupitia ukutani kila asubuhi, na siku niliyokijali kikohozi chake ni ile niliyotaka kukiazima.

"Na kazi yangu?" Barasa akamwuliza Nesi.

"Sisi hatumwandikii tajiri yeyote. Watoto wangapi wanalala na wewe?"

"Watatu."

"Basi kaa. Tuanze dawa leo, na hao uwalete kesho niwaangalie."

Barasa akakaa. Akanigeukia.

"Mwenyekiti, yaani ungemeza dawa zangu?"

"Ningemeza."

"Na sindano?"

Nikatazama viatu vyangu. Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, na sote tukangoja mpaka kikaisha. Kisha akaenda akachomwa, bila hata kukunja uso. Mtu na nusu huyo.

Nikadhani yameisha, nikaanza kunyata kuelekea mlangoni. Nesi akaniita mbele ya watu wote, daftari mkononi.

"Mzee, wewe ndiye ulisema ni sayansi. Ulitaka tumwandike mgonjwa asiyekuwepo, na yule aliyepo tumwache akakohoe na watoto wake. Hapo tungekuwa tunahesabu nini?"

Akalikata jina langu kwa wino mwekundu, akaliandika upya chini. Halafu akaingiza mkono kwenye sanduku.

"Na wewe mwenyewe bado hujapimwa."

Kikopo kipya.

Kwa hiyo kesho alfajiri nitakohoa pale kwenye mfereji, mbele ya mashahidi. Barasa ameahidi kunifundisha. Mama Auma amesema atakuja na kiti chake. Nyinyi, tafadhali, bakini hukohuko Eastleigh.