Paka Mheshimiwa na Ufunguo wa Bomba

Jumatatu, 3 Machi

Mwenyekiti wetu wa wapangaji amehama. Anasema anaenda kukaa karibu na binti yake. Nani anahama nyumba yenye maji kwa sababu ya binti? Kuna jambo hapo. Ufunguo wa bomba amemwachia Mwalimu Mstaafu wa ghorofani, mpaka tuchague mwenyekiti mwingine Jumapili.

Huo ufunguo ndio kila kitu. Bomba la uani limefungiwa ndani ya kisanduku cha chuma, na mwenyekiti ndiye anayefungua na kusema nani atangulie. Maji ya kwanza yana nguvu na yanang'aa. Ya mwisho yanatoka kwa kunung'unika, rangi ya chai. Na mimi ni dobi! Dobi wa maji ya mwisho anarudisha shati jeupe likiwa la kahawia, kisha anaambiwa ameiba sabuni. Wateja wananikimbia. Juzi mmoja alinusa shuka lake mbele yangu, akanusa tena, akaondoka bila kuaga.

Nimeamua. Nagombea. Mke wangu ameniuliza kama nina hakika. Swali gani hilo? Kwa nini anataka kujua?

Jumanne, 4 Machi

Mpinzani amejitokeza. Fundi Saa, chumba kinachotazamana na changu. Mtu mpole. Anasalimia wote, anawajulia hali mpaka wagonjwa. Hapo ndipo penye hatari. Akiwa kazini anafumba jicho moja siku nzima. Sasa hilo jingine linatafuta nini?

Amekuja kunitakia heri. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili! Alipoondoka nikakagua vidole. Vyote vipo.

Maoni yangu kuhusu siasa: anayekitaka cheo waziwazi, kama mimi, huyo ni mkweli. Anayesema ameombwa na watu, mchunguzeni. Fundi Saa anasema ameombwa na watu.

Jumatano, 5 Machi

Leo kuhusu paka. Nyumba hii ina paka mmoja asiye na mwenyewe. Tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu humwoni mpaka chakula kiive, na akishashiba hakujui. Anaingia kila chumba. Anasikia kila kitu. Asubuhi nimemwona anatoka kwa Fundi Saa, akavuka uani moja kwa moja mpaka dirishani kwangu, akaketi, akanikazia macho. Hakujilamba hata mara moja. Alikuwa kazini.

Najua, paka hasemi. Lakini nani amehakikisha? Kuku akitaga yai moja anatangazia mtaa mzima, huyo simwogopi. Njiwa naye hana kichwa cha kuwekea siri. Paka ananyamaza, na anayenyamaza ana sababu zake.

Nikaona nimvute upande wangu. Nimempa kichwa cha samaki. Amekila chote, akafumba macho kwa raha, akarudi kwa Fundi Saa! Baadaye mke wangu akauliza kichwa cha samaki kiko wapi, maana alikuwa amejiwekea. Nikamwambia kimeliwa na paka. Ndilo neno la kweli kabisa nililosema wiki hii, na hakuliamini.

Alhamisi, 6 Machi

Bahati imenijia kwa miguu yake! Fundi Saa ameniletea shati na suruali, nimfulie na kumpigia pasi avae Jumapili. Mimi, mpinzani wake! Ama ni mtego, ama hana akili. Mke wangu anasema labda ni kwa kuwa hapa hakuna dobi mwingine. Mke wangu haoni mbali.

Mpango: wanga. Mgombea asiyeweza kukunja kiwiko, kuinamisha shingo wala kuketi, atawapungiaje watu mkono? Atajikuna vipi mbele za watu? Nimekoroga wanga mzito mpaka kijiko kikasimama peke yake. Nimezitosa nguo humo, nikazianika, nikazipiga pasi ya moto kwelikweli. Suruali imesimama yenyewe pembeni ya ukuta. Mke wangu ameingia na kuiamkia.

Ijumaa, 7 Machi

Kampeni, chumba kwa chumba. Nimeanza kwa Mama Mapacha. Akasema kura yake nihesabu ninayo, huku anacheka. Kwa nini acheke? Nikamuuliza anacheka nini. Akasema basi, ameacha. Nikamuuliza kwa nini ameacha. Akafunga mlango. Adui huyo, tena mkubwa.

Vyumba vingine ni hivyohivyo. Wanakukaribisha, wanakupa kigoda, wanakubali kila unachosema. Hakuna mtu wa kweli anayekubali kila unachosema. Kufikia jioni nimebaki na watu wawili wa uhakika: mimi na mke wangu. Naye nilipomuuliza atasimama upande gani, aliniuliza kama nimeshakula.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimejipongeza mwenyewe, maana hakuna wa kunipongeza.

Hapa kwetu hatupigi kura kwa karatasi. Kila mgombea anasimama mahali pake uani, na wanaomtaka wanapanga foleni nyuma yake. Mwalimu Mstaafu anahesabu vichwa, basi. Leo ametuuliza kila mmoja angependa kusimama wapi. Fundi Saa akasema popote tu. Unafiki! Mimi nikawahi: mbele ya bomba. Akabakiziwa chini ya ngazi, penye giza na mafagio.

Hawajang'amua. Jumapili asubuhi nyumba nzima inatoka na ndoo na kupanga foleni mbele ya bomba. Foleni ya maji, foleni ya kura, nani atajua ipi ni ipi? Mwalimu anavaa miwani minene. Atahesabu, atatangaza, nitakabidhiwa ufunguo kabla hawajajua wamemchagua nani.

Jumapili, 9 Machi

Naandika upesi, kabla sijasahau nani alisimama wapi.

Ilianza vizuri mno. Nilijipanga mbele ya bomba mapema. Wakaja na ndoo, mmoja mmoja, mpaka foleni ikafika langoni. Nyuma yangu! Machozi yalinilengalenga. Nikaanza kupunga mkono.

Ndipo akatokea Fundi Saa ndani ya wanga wangu. Shingo wima. Kidevu juu. Mikono mbali na mwili. Hatua moja, anatulia, hatua nyingine. Uani wote wakageuka. Mama Mapacha akasema kwa sauti kwamba leo ndiyo ameona kiongozi. Mwingine akasema anatembea kama waziri anayekwenda kuapishwa. Wakamletea kiti. Akakikataa. Hakuweza kuketi, maskini, suruali isingemruhusu! Lakini wao wakashangilia: mmemwona kiongozi asiyependa kiti? Wakamuuliza nguo zile nani kazinyoosha. Akageuka mwili mzima, akanielekea, akasema ni jirani yake, na fundi kama huyu hakuna. Wakanipigia makofi. Nikainama kushukuru. Kosa kubwa!

Mwalimu Mstaafu akaamuru kila mtu aweke ndoo chini, akasimame nyuma ya mtu wake. Wakaziweka. Wakaenda wote chini ya ngazi. Nilipogeuka, nyuma yangu kulikuwa na foleni ndefu, iliyonyooka vizuri, ya ndoo. Juu ya ndoo moja iliyofunikwa ameketi Mheshimiwa, ananusa mfuko wangu wenye kichwa kingine cha samaki. Nikamwomba Mwalimu amhesabu. Akasema paka hana chumba. Nikasema ana vyumba vyote. Akakataa.

Na mke wangu? Wa pili kwenye foleni ya Fundi Saa. Akanipungia.

Imeniuma. Sitaficha, imeniuma sana. Nyumbani nikamuuliza amepewa nini. Akasema, "Baba watoto, wewe ungeupata huo ufunguo ungeyashuku hata maji." Kisha akasema amemsikia Fundi Saa akiahidi kwamba anayefanya kazi ya maji ndiye atakayetangulia kuteka. Nikamwambia hizo ni ahadi za wanasiasa, zinaisha na uchaguzi. Akaenda kulala.

Jumatatu, 10 Machi

Siyaamini macho yangu. Fundi Saa amekuja amevaa fulana kuukuu, shingo yote ina mikwaruzo. Mkononi ana ufunguo.

Akasema yeye ni mzito wa kuamka, mimi naamka kabla ya wote, tena kazi yangu ni ya maji. Kwa hiyo nikae nao mimi. Niwe nafungua asubuhi, niteke maji yangu ya kwanza, kisha niwafungulie wengine. Akauweka kiganjani mwangu. Ulikuwa wa baridi, mzito kidogo kuliko nilivyodhani. Furaha ilinipanda mpaka masikioni. Niliyaona mashati meupe, meupe kabisa, kamba nzima.

Mke wangu alikuwa anatabasamu. Hilo ndilo lililonizindua.

Ngoja kwanza. Mtu ameshinda jana, leo anagawa madaraka? Tangu lini? Nikatupa jicho nje. Mheshimiwa alikuwa kizingitini kwa Fundi Saa, anatutazama, anajilamba. Anajilamba! Yaani kazi imekwisha! Nikaelewa yote. Maji yakipungua, nani atalaumiwa? Mwenye ufunguo. Kufuli likivunjika? Mwenye ufunguo.

Nimemrudishia. Kwa heshima zote, kwa mikono miwili, kama yeye anavyopenda. Nikamwambia nashukuru ila nimeelewa. Akauliza nimeelewa nini. Nikamwambia anajua mwenyewe. Akajikuna shingo, akasema basi ataupeleka kwa Mama Mapacha.

Mke wangu aliweka sufuria chini, akanitazama kwa muda mrefu, kisha akatoka nje. Hajasema neno. Na anayenyamaza nimeshaeleza.

Jumanne, 11 Machi

Mama Mapacha amefungua bomba. Ameteka yake, ya mapacha, ya dada yake, na ya shemeji yake ambaye hata haishi hapa. Kisha nyumba nzima. Kisha mke wangu, na ndoo yake peke yake, ya kwake, siyo ya kazi. Kisha Mheshimiwa, amekunywa kwenye kidimbwi chini ya bomba, bila haraka. Kisha mimi. Maji rangi ya chai. Nimefulia humo shati jeupe la Mwalimu Mstaafu. Amelipokea, amevua miwani, ameifuta, amevaa tena, na kusema shuka zake zilizobaki kwangu atazifuata jioni, zikiwa kavu au mbichi.

Sawa. Azichukue. Mtego wameutega wao, na sikuingia. Hawakunipata!