Nyumba Isiyoruhusiwa Kupendwa

"Kuanzia Jumatatu, ni marufuku kuifurahia nyumba kabla ya kuinunua."

Tangazo hilo liliandikwa na Mkurugenzi wa Idara ya Kutuliza Soko la Nyumba kwa mkono wake mwenyewe, na lilikuwa hekima tupu. Bei zilikuwa zimepagawa: leo juu, kesho chini. Wataalamu wakasingizia riba na saruji. Upuuzi! Mkurugenzi ndiye aliyemgundua mchawi: nyuso za watu. Mnunuzi akitabasamu sebuleni, bei inapanda. Muuzaji akiguna, inashuka.

Basi sharti kila nyumba itembelewe mbele ya Afisa Nyuso. Mnunuzi anune na kutaja kasoro. Muuzaji asigune wala kutetea mali yake. Akikiuka, nyumba inafungiwa hadi moyo wa mwenyewe utulie.

Ila Mkurugenzi naye alikuwa na ghorofa ya kuuza. Ilikuwa imemeza kiinua mgongo chote cha mkewe, mwalimu mstaafu. "Nyumba haishuki bei, mama watoto," alimwapia. Ikashuka. Hati ilikuwa na jina la mke, maana viongozi hutakiwa kutangaza mali zao, na yeye alipenda kutangaza vitu vingine. Tangu bei ishuke, mkewe alikuwa ameacha kumwita baba watoto. Alimwita Mkurugenzi, hata mezani, na hilo lilimchoma.

Ijumaa akaja mnunuzi, mfanyabiashara wa mabati, akapokewa na Mkurugenzi na mkewe, Mwalimu. Alipoingia tu macho yakamng'aa. Afisa Nyuso, mama aliyefundishwa kazi na Mkurugenzi mwenyewe, akakohoa. Mnunuzi akanuna upesi.

"Ngazi hizi hata mbuzi atavunjika mguu," akasema.

"Endelea," Afisa akamhimiza.

"Na paa! Aliyeezeka alikuwa na kinyongo na mwenye nyumba. Natoa nusu, tena kwa huruma."

Paa hilo Mkurugenzi alilisimamia likizo nzima, juani.

"Nusu? Wewe bwana, una macho kweli? Hebu tazama madirisha hayo!"

"Mzee," Afisa alisema kwa upole, "unatetea mali."

"Sheria niliandika mimi!"

"Umeiandika vizuri sana, mzee." Akabandika mlangoni karatasi nyekundu, akawatoa wote nje.

Nje ya geti, ambako sheria haikufika, Mwalimu akamgeukia mnunuzi. "Haya baba, hapa sema la moyoni."

"Mwalimu, nimeipenda mpaka basi! Natoa bei yote mliyotaja."

"Nyumba imefungiwa," Afisa akakumbusha, "hadi moyo wa mwenyewe utulie."

"Mwenyewe ni mimi. Hati hii hapa."

Afisa akausoma uso wa Mwalimu. Ulikuwa umetazamana na darasa la kwanza maisha yake yote ya kazi. Haukutikisika hata kope. Karatasi ikabanduliwa. Pesa zote zikaingia kwenye akaunti ya Mwalimu.

Mkurugenzi akasogea, kachangamka. "Sasa, mama watoto, kuna kiwanja fulani…"

Mwalimu akafunga mkoba. Mkurugenzi akaguna.

"Usigune, Mkurugenzi," mkewe akasema. "Utashusha bei."