Kitenzi cha Kumshutumia Annonciata

Jumatatu, 8 Septemba
Nimeshtuka! Bwana Sheldon, msimamizi wa masomo ya Kiingereza hapa mjini Euless, anasema darasa la Wakorea litabaki na mwalimu mmoja tu. Mimi au Annonciata. Nimefundisha sarufi Unguja hadi kustaafu, leo nishindanishwe na mama wa Bukavu anayefundisha kwa nyimbo! Alhamisi Sheldon atakuja kututazama. Nikilikosa darasa, nitabaki nyumbani kulinda rimoti ya mkwe wangu.

Jumanne, 9 Septemba
Nina mpango. Nimewafundisha wanafunzi kitenzi kizito, "lambast", yaani kumshutumu mtu vikali. Alhamisi watakitumia kumshutumu Annonciata mbele ya Sheldon. Kwa Kiingereza fasaha. Mimi nitanyamaza tu.

Jumatano, 10 Septemba
Mazoezi. Balaa! Kumbe Wakorea hawamkaripii aliyewazidi umri. Mwanafunzi wangu Bwana Seo ameinamisha kichwa, akasema Annonciata ni mkubwa wake, kisha akasifu viatu vya mama huyo. Darasa zima likasifu viatu! Annonciata alikuwa mlangoni. Akacheka: "Papa Shuaib, banafunzi yako banapenda miye sana, hein!" Banafunzi! Nilishika ukuta.

Lakini darasani yupo Bi Bae, fundi wa kushona, mkubwa kuliko Annonciata. Amekubali kusimama kesho. Kwanza ameniuliza umri wangu. Nimemjibu kwa fahari: sabini na moja. Ametabasamu. Heshima iliyoje!

Alhamisi, 11 Septemba
Sijapata kuona! Nilimpa Bi Bae ishara. Akasimama, akanigeukia mimi! Eti ana sabini na sita, kwa hiyo mimi ni mdogo wake, na mdogo hukanywa. Kwamba nasema peke yangu somo zima. Kwamba namkatiza Bwana Seo kabla hajafika kwenye kitenzi. Kwamba kuwatuma watu wamtukane mama wa watu ni aibu. Nilitega sikio nimsahihishe Kiingereza chake. Hakuna kosa hata moja! Nikajikuta nikisema shikamoo. Sheldon akapiga makofi.

Jumamosi, 13 Septemba
Darasa kapewa Annonciata. Amenipigia simu mwenyewe, ananiomba nikamsaidie sarufi. Nikamsaidie! Nimekataa.

Mji wa jirani, Grand Prairie, wanatafuta mwalimu wa Kiingereza. Nimepiga simu na kuuliza jambo moja tu: mwanafunzi mkubwa kuliko wote ana umri gani? Arobaini. Vizuri sana. Hawa nitawaanzishia kitenzi cha kusifu. Mtu wa kusifiwa wasihangaike kumtafuta. Nitakuwa nimesimama mbele yao.